Nukta Ndani ya Duara

Nisani, siku ya 2

Tabibu Badran ameniagiza niandike kila siku, hata mstari mmoja, na kila nikienda kwake nimpelekee. Si kwamba ana hamu na habari zangu. Anataka kuona mistari inavyopinda. Ikianza kupanda juu kama mbuzi mlimani, atajua macho yanazidi kuharibika. Basi nimejishonea daftari kwa karatasi za mabaki, na huu hapa mstari wa kwanza. Umenyooka. Asiniambie mtu haukunyooka.

Mimi ni Wahban, mnakili wa vitabu hapa Dameski, duka la tatu ukitoka mlango wa mashariki wa msikiti mkuu. Miaka hamsini nimenakili vitabu vya watu wenye akili: vya nyota, vya hesabu, vya mikojo ya wagonjwa. Vyote vimepita kwangu kama maji kwenye mfereji, na mfereji haukunywa hata funda moja. Sasa jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, mweupe kama utando wa maziwa. La kushoto bado linaona, ila kama mtu anayechungulia kupitia shuka.

Naandika kwa miezi ya jua, Nisani, kisha Ayari, kisha Hazirani, kama wakulima. Mwezi mwandamo hauuambii mti wa mishmishi lini uchanue. Miti yake kule bondeni imemaliza maua juzi, na vitunda vimetokea, vya kijani, vidogo kama shanga.

Nisani, siku ya 3

Mvua kidogo. Njiwa jike mwenye mkufu ametaga mayai mawili.

Nisani, siku ya 6

Nimekwenda kwa tabibu. Nyumba yake iko nyuma ya soko la wafua shaba, nadhani aliichagua makusudi ili mgonjwa akipiga kelele asisikike. Ni mtu wa miaka arobaini, mwembamba, mikono safi kupita kiasi. Tangu nimjue sijaona meno yake. Alisogeza taa mbele ya jicho la kulia, akaiondoa, akairudisha.

"Halijaiva," akasema.

"Jicho au mishmishi?"

"Mtoto wa jicho, mzee. Akiwa laini, sindano inampasua. Akikomaa anashuka mzima. Wiki tano, labda sita. Na ninataka siku tulivu, isiyo na upepo wa kusini."

"Basi naiva pamoja na mishmishi."

"Iva na chochote upendacho. Ila usikohoe mbele ya sindano yangu."

Kazi yenyewe ni hivi. Anaingiza sindano ubavuni mwa jicho, penye weupe, anamsukuma yule mtoto wa jicho chini, kama unavyozamisha ganda la ndimu kwenye bakuli la maji, na mwanga unapata njia ya kuingia. Nikamuuliza nani alimfundisha ushenzi huo. Akanionyesha kitabu rafuni. Nikakisogeza puani, maana mimi tangu utotoni sioni cha mbali, pua yangu ndiyo iliyokuwa ikisoma. Nikaona mikia ya herufi imejikunja kama mkia wa paka aliyeshiba. Hakuna mwenye mikia hiyo Dameski nzima ila mimi.

"Hiki nimekinakili mimi!"

Badran akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa mama wa rafiki yake. "Wewe ndiye Wahban aliyetajwa mwishoni? Mwalimu wangu aliniachia hiki. Kazi yangu yote nimejifunza humu. Nakijua kwa moyo."

Nikarudi nyumbani natembea kama jogoo. Nikamwambia binti yangu, "Tarfa, sindano itakayoingia jichoni mwangu imefundishwa na kalamu yangu mwenyewe!"

"Basi Mungu akuhifadhi, Baba," akasema, "maana mimi kalamu yako naijua."

Nisani, siku ya 10

Tarfa amenikataza kupanda darini kwa njiwa peke yangu. Anasema nitakanyaga hewa. Alifiwa na mume miaka mitatu iliyopita, akarudi kwangu, na tangu hapo mimi ndiye ninayeishi kwake.

Nisani, siku ya 14

Amekuja dukani Mfaranji mmoja, Rujari, mtu wa kisiwa cha Sisilia, mwekundu kama figili. Kwa ruhusa ya Badran amenakiliwa kile kitabu cha macho na jirani yangu wa duka la nne. Atakwenda nacho kwao akigeuze Kilatini, na kutoka hapo, anasema, kitanakiliwa kwenda miji ambayo majina yake yalinitoa mate kuyatamka.

"Kwani kwenu jicho likiumwa mnafanyaje?" nikamuuliza.

"Kwetu mganga natema mate kwenye jicho, kisha naomba Mungu."

"Anapona?"

"Mganga napona. Jicho hapana."

Nikampenda hapo hapo. Akafungua nakala yake, akaweka kidole. "Mzee, hii duara na nukta ndani, ni nini? Iko kila mahali."

Nikamweleza. Mnakili akimaliza fungu la maneno huchora duara tupu. Baadaye hukaa na mtu wa pili. Mmoja anasoma kitabu cha asili kwa sauti, mwingine anafuatisha kwenye nakala. Fungu likionekana sawa, duara linatiwa nukta. Duara tupu linasema: bado sijatazamwa. Duara lenye nukta linasema: niamini.

"Kwetu hakuna hii. Kwetu mtu naandika, Mungu nalinganisha." Akafunua kurasa, uso umemng'aa. "Yote ina nukta! Ya tabibu ina nukta, basi yangu pia. Nzuri sana. Mimi naamini."

Alipotamka hilo neno la mwisho, nikawakumbuka njiwa.

Nisani, siku ya 15

Upepo.

Nisani, siku ya 16

Ukurasa huu tabibu asiuone.

Miaka thelathini iliyopita, nilipokinakili kitabu kile, nilikuwa na vita na Jandal, mtu wa dari ya mkabala. Kila alasiri alirusha kundi lake, nami langu, na njiwa wa upande mmoja akishawishika kuufuata mwingine, basi amekwenda. Jandal alikuwa amenichukulia kumi na mmoja. Nilikuwa nimebakiza theluthi ya mwisho ya kitabu haijalinganishwa. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea, na alikuwa kitandani, siku za kumzaa Tarfa. Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwita jirani. Nilichofanya ni kupanda darini na wino, nikakaa chini ya njiwa wangu, nikatia nukta madhubuti katika kila duara lililobaki, tik, tik, tik, kama mtu anayenyunyiza ufuta kwenye mkate, jicho moja karatasini na jingine juu. Alasiri ile nilimchukulia Jandal njiwa saba.

Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia niliharakisha kwa sababu ya uzazi wa mke wangu. Kadhi wa hapa hapokei ushahidi wa mrusha njiwa. Miaka yote nimemtukana kwa hilo. Leo naona kadhi si mjinga.

Nisani, siku ya 19

Kwa tabibu. Halijaiva. Aliuliza daftari. Nikasema njiwa wamelinyea.

Nilimkuta amekaa, mikono juu ya magoti, anaitazama kama ya mtu mwingine. Nikamtania kwamba hata mikono ya sultani haitazamwi hivyo. Hakucheka, akasema tu, "Katika macho kumi, matatu yananirudia. Mtoto wa jicho anashuka, mgonjwa anaona, anafurahi. Baada ya wiki, au miezi, anapanda tena. Nafuata kitabu neno kwa neno. Basi tatizo ni mkono. Nimeamua mwaka huu uwe wa mwisho."

"Labda tatizo ni kitabu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya panya.

"Kitabu kimelinganishwa chote, mzee. Nukta kwa nukta. Wewe hujui?"

Nisani, siku ya 20

Upepo wa kusini. Vumbi hadi kwenye mkate.

Nisani, siku ya 27

Nilimwambia Tarfa. Sikumwambia yote, nilisema nina wasiwasi na fungu moja. Akavaa shela, akaenda hospitali kuu ambako kitabu cha asili kipo kabatini, akakiomba kwa wiki moja. Pia ameazima cha Badran, kwa kusingizia kwamba baba yake mzee anatamani kukishika kabla hajafa. Siku nne amekuwa akinisomea, mstari wa huku, mstari wa huku, maana mimi macho ya kufuatisha sina. Leo adhuhuri akaweka kidole kwenye mstari.

"Baba. Hapa pamepungua."

Mistari tisa. Mafungu mawili yanaishia na maneno yale yale, "kisha itoe sindano polepole." Jicho langu lilimaliza la kwanza, likaruka likatua mwisho wa la pili, kama njiwa aliyekosea dari. Katikati ndimo mzee yule aliyekitunga, Mungu amrehemu popote alipolala, aliposema hivi: ukishamshusha mtoto wa jicho usifanye haraka. Mkandamize palepale kwa muda wa pumzi mia za mgonjwa, hesabu kwa sauti. Kisha legeza kidogo utazame. Akiinuka, mkandamize tena pumzi mia nyingine. Usiitoe sindano mpaka ametulia, maana anayetolewa sindano mapema atarudi.

Tarfa alisoma mara mbili. Kisha, "Uliniambia ulilinganisha kwa haraka kwa sababu nilikuwa nazaliwa."

"Ndivyo."

"Baba."

"Njiwa," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Miaka thelathini," akasema, "nimebeba dhambi ya njiwa."

Jioni nikamweleza na habari ya macho yanayomrudia Badran, kisha nikamwambia lipo wazo: kuna tabibu wa macho Mnasara kule mtaa wa Bab Tuma, jicho langu likatobolewe na huyo, na mambo yaishe kimya. Akaniuliza, "Na hao watatu katika kila kumi? Na huyo figili wako anayebeba kosa kupeleka ng'ambo?" Kisha akanipa dengu, na akazimwaga sahanini kwa namna ambayo dengu hazikustahili.

Ayari, siku ya 1

Nimekwenda mlangoni kwa tabibu. Nimerudi.

Ayari, siku ya 2

Nimekwenda tena. Nikamweleza habari za hali ya hewa.

Ayari, siku ya 4

Nilijaribu kwa hadithi: "Alikuwepo mnakili mmoja, rafiki wa rafiki yangu..." Akasema ana wagonjwa. Mishmishi zimeanza kugeuka manjano upande unaopata jua. Msafara wa Rujari unaondoka Hazirani siku ya kumi na mbili.

Ayari, siku ya 6

Leo alinishika kidevu, akapitisha taa, akasema, "Limeiva. Upepo ukitulia tu." Kisha, "Daftari liko wapi? Usinitajie njiwa."

Nikatoa daftari kifuani, nikafungua ukurasa wa Nisani kumi na sita, nikampa. "Soma," nikasema, "halafu soma na wa ishirini na saba."

Alisoma amesimama. Nilisikia wafua shaba wote wa soko lile, mmoja mmoja. Alipomaliza akatoka nje, na nikasikia maji yakimiminika, ananawa mikono. Alinawa muda ambao mtu angeweza kuosha ngamia. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka kumi na minane," akasema. "Kumi na minane nimeuchukia mkono huu. Nikila, nautazama. Nikiswali, nautazama. Mistari tisa!" Akapiga kitabu kwa kiganja. "Njiwa!"

"Saba," nikasema. Sijui kwa nini. Mimi nikiogopa husema ukweli.

Nilidhani atanifukuza. Akaketi. "Ninao saba pia," akasema. "Saba wa mitaa hii niliowatoboa, wakarudi gizani, na majina yao ninayo. Kesho utakuja nami kwa kila mmoja, utawaambia kwa mdomo wako. Halafu upepo ukitulia nitafanya hiyo mistari tisa, na utakuwa wa kwanza. Kama uliyoyaruka ni kweli, jicho lako litatuambia."

"Na kama si kweli?"

"Basi utakuwa na duara tupu usoni, mzee."

Sijui kama ule ulikuwa utani. Uso wake haukubadilika.

Ayari, siku ya 7

Bi Durra muuza mikate alinisikiliza hadi mwisho, akavua ndala, akanipiga ya bega. Ya pili ikapita hewani. "Sogea hapa nikupige vizuri," akasema, "sikuoni, na kosa ni lako!" Nikasogea. Nilikuwa nimestahili.

Hilal mtia rangi vitambaa alikuwa ameketi mbele ya mapipa yake. Akasema, "Miezi miwili ile niliyokuwa naona, niliona buluu yangu mwenyewe. Miaka sita nilikuwa nikiipika kwa pua tu. Namshukuru tabibu kwa hiyo miezi." Nami akanishukuru kwa kuja. Ndala ya Bi Durra iliniuma kidogo kuliko shukrani ile.

Nyumba ya saba ni ya Khallaf mfuma hariri. Alikufa wakati wa baridi. Mjane wake alisimama mlangoni, akasikia yote, akaniletea maji ya kunywa. Nilipomaliza akapokea kikombe, akafunga mlango taratibu.

Tulipofika kona ya mtaa wangu Badran akanishika kiwiko anivushe mfereji.

Ayari, siku ya 8

Upepo wa kusini.

Ayari, siku ya 9

Upepo.

Ayari, siku ya 11

Upepo. Mishmishi za kwanza zimeingia sokoni. Tarfa alinichagulia moja, laini, ina joto la jua bado, nikaila mpaka kokwa. Nilifikiri, huenda ni ya mwisho ninayoiona rangi. Kisha nikakumbuka sikuiona rangi yake, niliikisia tu.

Ayari, siku ya 13

Asubuhi hii moshi wa mwoka mikate umesimama wima kama mnara. Tarfa ameniambia. Tabibu amekwisha leta habari: kesho.

Ayari, siku ya 23

Siku tisa nimelala chali, macho yote mawili yamefungwa, marufuku kutafuna, kukohoa, kucheka, na kuzungumza ila kwa haja. Tarfa anasema ndizo siku tisa za raha zaidi tangu arudi kwangu. Sasa nayaandika yote.

Nilikalishwa kwenye kigoda mbele ya dirisha, tabibu juu yangu kwenye kiti. Tarfa nyuma, ameshika kichwa changu kifuani mwake, kama nilivyokuwa nikimshika yeye akinyolewa utotoni. Jicho la kushoto likafungwa. Badran akasema Bismillahi na sindano ikaingia. Sitadanganya, iliuma. Nilihisi kama ukucha unapasua ngozi ya zabibu, na zabibu ndiyo mimi.

Kisha ukungu ukaanza kushuka. Hapo zamani angeitoa. Badala yake mkono wake ukatulia, akaanza kuhesabu pumzi zangu kwa sauti. Moja. Mbili. Wafua shaba walikuwa wamenyamaza, baadaye nikaambiwa Bi Durra aliwapitia dukani mmoja mmoja kuwaonya. Thelathini. Arobaini. Mkono ule aliouchukia miaka kumi na minane haukutikisika hata kwa unene wa unywele.

Kwenye pumzi ya sitini na tatu, njiwa akatua dirishani. Akanguruma kooni, ile ngurumo yao ya kujisifu.

Kicheko kikanipanda kutoka tumboni. Mungu shahidi yangu, kilifika hapa, kooni. Mikono ya Tarfa ikanikaza, nikahisi na yeye tumbo linamtetemeka nyuma ya kichwa changu.

"Sitini na nne," akasema Badran kwa upole sana. "Ukicheka nakuua. Sitini na tano."

Sikucheka. Katika maisha yangu sijafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Mia ikafika. Akalegeza, akatazama. Mtoto wa jicho akainuka kidogo, kama mtu anayechungulia toka shimoni. Akamkandamiza tena, tukaanza upya. Moja. Mbili. Njiwa naye akabaki, anatusikiliza. Tulipofika mia mara ya pili, Badran akasema, "Na moja zaidi, kwa ajili ya njiwa."

Sindano ikatoka. Mbele yangu palikuwa na mtu mwembamba, ndevu zimeanza weupe, jasho linamtiririka, na meno yake yote yalikuwa nje. Mazuri tu. Sijui alikuwa akiyaficha kwa nini.

"Unaona nini?"

"Naona mtu aliyemeza kokwa, likakwama shingoni."

Tarfa akaja mbele nimwone. Binti yangu ana mvi, tatu juu ya sikio la kushoto. Hakuna aliyeniambia. Nikatamani kuzigusa, tabibu akanifunga kitambaa kabla mkono haujafika.

Leo asubuhi kimefunguliwa, na mtoto wa jicho hakuonekana. Hajarudi.

Ayari, siku ya 25

Hajarudi. Nimeangalia dari ya Jandal. Marehemu yule, mwanawe anafuga kuku.

Ayari, siku ya 30

Badran amewatoboa upya Bi Durra na Hilal, pumzi mia na mia. Wengine watatu wanangoja. Wa nne amemwambia kabisa jicho lake limechoka na matabibu, aachwe alale nalo, na ni haki yake. Hilal kafunguliwa jana. Alitumbukiza mkono kwenye pipa hadi kiwiko, akawa anautazama.

Mimi nimegundua jambo. Jicho hili jipya linaona mbali, jambo ambalo sikuwahi kulijua katika miaka sabini: njiwa akiwa juu kabisa naona mkufu wake! Ila maandishi ya karibu hayaonekani. La kushoto, bovu, bado linasoma puani. Kwa hiyo sasa nina jicho la kuandikia na jicho la kulindia njiwa. Laiti ningekuwa nayo majira yale ya vita na Jandal.

Hazirani, siku ya 3

Rujari alikuja kuaga, tukamwambia yote. Akageuka toka figili kuwa kitunguu. "Yangu pia ina mistari tisa hapana? Lakini nukta iko!"

"Jirani yangu alinakili hata nukta," nikasema. "Ni mnakili mwaminifu. Amenakili hadi uongo wangu."

Basi tumekaa nyumbani kwa Badran, kwa kisu kidogo cha kalamu, nikakwangua nukta za theluthi ile ya mwisho, kitabu chake na cha Rujari. Karatasi yetu imepakwa wanga, wino hutoka. Kurasa zikabaki na maduara matupu, mengi, yananitazama bila mboni. Zamani ningeyatania.

Hazirani, siku ya 5

Tumeanza. Tarfa anasoma cha hospitali, alichokiazima tena, kwa sauti, Badran anafuatisha chake, Rujari chake na kidole, mimi natia nukta wote wakisema "sawa." Sinyanyui kalamu mpaka wote watatu waseme. Rujari husema "sawa" akiwa amechelewa na nusu ukurasa. Tunamngoja. Bi Durra analeta mikate, akiona nimesinzia ananionyesha ndala.

Mahali pamoja yule mtunzi anataja alichokichukua kwa Wagiriki wa kale, kisha anaongeza: hili nimelijaribu si hivyo, na huu ndio usahihi wake. Nilikwisha kulinakili hilo bila kulisikia. Leo nililisikia. Aliwashukuru na akawasahihisha kwa pumzi moja, na hakuona aibu katika lolote.

Hazirani, siku ya 7

Joto. Mishmishi sasa ni nyingi kuliko watu. Mtaa mzima wanaziponda na kuzianika juani zikauke kama ngozi, na nyuki wamehamia kwetu. Tumefika kwenye ile mistari. Nimeiandika pembeni mwa nakala zote mbili kwa mkono wangu, mikia ya paka na yote. Chini yake nimeongeza: "Mimi Wahban niliiruka hii kwa ajili ya njiwa, nikatia nukta ya uongo. Imejaribiwa jichoni mwangu, ni sahihi. Asomaye aniombee, na ahesabu pumzi."

Rujari alisoma, midomo ikimtembea. "Njiwa pia, mimi naandika Kilatini?"

Nikasema hapana, aibu gani hiyo, hiyo ni ya hapa nyumbani.

"Andika," akasema Badran. "Wajue kilichotokea, wasitie nukta wakiwa darini."

Hazirani, siku ya 11

Tumemaliza alasiri. Msafara unatoka kesho alfajiri. Rujari amekifunga kitabu kwa ngozi, juu yake akakifunga kwa shuka lake la kulalia, halafu Tarfa akamtilia mzigo wa mishmishi kavu na kumwambia kwamba, kati ya hivyo viwili, asimpe mtu nakala ya kile kisicholiwa kabla haijalinganishwa. Aliapa kwa watakatifu kadhaa. Badran hajasema tena habari ya kuacha kazi. Ana macho manne kesho na keshokutwa.

Lakini namna tulivyomaliza nataka kuiandika vizuri. Tarfa alisoma fungu la mwisho la kitabu, lile ambalo mzee yule anamshukuru mwalimu wake. Badran akasema, "Sawa." Rujari akafuatisha na kidole hadi neno la mwisho, jasho linamtoka. Nasi tukangoja. Juu, njiwa wangu walikuwa angani, nawasikia, na kwa jicho langu jipya ningeweza kuwahesabu mmoja mmoja dirishani. Sikugeuka.

"Sawa," akasema Rujari.

Duara la mwisho lilikuwa tupu. Nikachovya kalamu, nikasogeza pua karatasini, nikatia nukta katikati. Nikaitazama hadi ikakauka, nayo ikanitazama.